Wastani wa Watu Watatu

Bi Zuhura, shangazi yake Sharifu, amefariki Unguja, na hitma yake ya huku Marekani tuliisoma Lanham, Maryland, kwenye sebule ya Sharifu, viatu vikiwa vimerundikana mlangoni na biriani ikinukia mpaka kwa jirani. Tulipomaliza kusoma na masinia kuteremshwa, Rukia, binti wa Sharifu, ambaye anakielewa Kiswahili chote na kukijibu kwa Kiingereza, aliniuliza kovu langu nililipata wapi. Ni kovu dogo, limekaa juu ya nyusi ya kulia, limepinda kama mwezi wa siku mbili. Kwa miaka mingi nimewaacha watu wakisie. Kwenye mikutano ya wasomi nimewaona wakilitazama kwa heshima, wakidhani labda ni polisi, labda ni siasa. Kabla sijafungua kinywa, Mutiso, aliyekaa upande wa pili wa sinia, alijibu kwa niaba yangu. "Huyu alipigana na bunduki," alisema. "Bunduki ikashinda." Sharifu alicheka mpaka wali ukampalia, na hapo nikajua kwamba shughuli ya Bi Zuhura ingeishia pale ambapo yeye mwenyewe angependa iishie, yaani kwenye kunicheka mimi.

Mwaka wenyewe ulikuwa katikati ya miaka ya themanini. Sharifu, Mutiso na mimi tulikuwa tumepanga nyumba ya matofali hapo hapo Lanham, yenye vyumba vitatu juu na kimoja chini ya ardhi kilichonuka sabuni na unyevu. Hicho cha chini kilikuwa changu. Sharifu alilinda maegesho ya magari chini ya jengo la ofisi huko Arlington. Mutiso, mtu wa Machakos, alikuwa akiogesha na kulisha wagonjwa katika nyumba ya kutunzia wazee. Mimi, mtu wa Tanga, nilikuwa nasoma shahada ya pili ya takwimu, jambo ambalo wenzangu walilichukulia kama ugonjwa usioambukiza. Tuliishi kwa zamu. Palikuwa na zamu ya kupika, zamu ya kusugua choo, na zamu ya kukalia kiti kizuri, kwa kuwa kizuri kilikuwa kimoja. Hata koti zito la baridi lilikuwa moja la watu wawili, maana Sharifu aliingia kazini asubuhi na Mutiso jioni, na walipokezana mlangoni kama askari wa lindo. Hakuna aliyekuwa na kitu chake peke yake isipokuwa mswaki. Tuliona fahari juu ya jambo hilo, na tukiwatazama Wamarekani waliokuwa wakiandika majina yao kwenye maziwa ndani ya friji, tuliwasikitikia.

Bi Zuhura alifika mwezi wa kwanza kumwangalia mtoto wa kaka yake, akiwa na sanduku moja la nguo na moja la kofia alizokuwa akizishona mwenyewe, na alikuwa arudi mwezi wa kumi na mbili. Kati ya mwezi wa kwanza na wa kumi hakutia nyama mdomoni. Samaki alikula, mayai alikula, na kuku tuliwafuata wazima kwa mfugaji tukawachinja wenyewe, lakini kila nilipothubutu kumkumbusha kuku alinitazama kwa huruma. "Kuku ni kuku, mwanangu," alisema. "Nyama ni nyama." Ya dukani aliiita nyama ya shaka. Mbuzi mmoja tuliyemfuata mbali, mwenye shamba alikataa katakata asichinjwe kwake. Sharifu alikuwa halali vizuri. "Yakhe, atarudi Unguja," aliniambia siku moja tukikunja nguo, "ataulizwa kijana wa kaka yake anaishi vipi, naye atasema, mwaka mzima nimekaa kwake sikuona pande la nyama. Wallahi bora waambiwe nimefungwa."

Njia ilifunguliwa na jirani yetu, Mzee Earl, Mmarekani mweusi mstaafu wa reli, mjane, mwenye goti moja bovu na gari la mizigo lililokuwa zima kuliko goti. Alituletea pande la nyama ya porini kutoka kwenye jokofu lake, nyama ya mnyama ambaye sisi tulimwita kulungu, ingawa kulungu wa kwetu angemkana mbele ya mahakama. Bi Zuhura aliirudisha kwa mikono miwili, juu yake akaweka sahani ya visheti, na kumwagiza Sharifu amweleze mzee kwamba si dharau, ni dini. Mzee Earl alisimama mlangoni akitafuna visheti huku akisikiliza habari za kutaja jina la Mungu, kisu na shingo. Mwisho aliuliza kama Mwislamu akimpiga risasi mnyama mwenyewe, akataja jina hilo, akawahi kumchinja, italiwa? Sharifu alitafsiri. Bi Zuhura alitaka kwanza kujua kwato za mnyama zikoje, akaridhika. "Basi pigeni wenyewe," alisema Mzee Earl. Alikuwa na bunduki, alikuwa na darubini mpya ya kuifunga juu yake, na binamu yake alikuwa na shamba Virginia, mwendo wa saa mbili, ambako tungekata leseni na kuwinda Jumamosi moja tu, mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja. Alitoa sharti moja. Kabla ya siku hiyo, mpigaji aoneshe risasi tatu ndani ya sahani ya karatasi kwa umbali wa yadi mia. Asiyeweza kuipiga sahani, alisema, atamjeruhi tu mnyama wa watu.

Macho yote yaligeukia kwangu, na sababu ilikuwa uongo wangu mwenyewe. Wiki yangu ya kwanza katika nyumba ile, katika kutafuta heshima, nilikuwa nimewasimulia jinsi nilivyokuwa hodari wa shabaha katika Jeshi la Kujenga Taifa. "Nilipiga tano, nikapata tano," nilisema, nikamimina chai. Ukweli ni kwamba siku ya shabaha nilikuwa nimelala zahanati na malaria, na miezi yangu mingine yote kambini niliitumikia nchi nikiwa jikoni, nikimenya viazi vya kombania nzima. Bunduki niliyowahi kuibeba ilikuwa ya mbao. Lakini uongo ukishakaa mwaka mzima katika nyumba ya watu, hupewa kiti na zamu kama mpangaji mwingine yeyote.

Safari ya kwanza ilikuwa asubuhi ya jua kali na upepo wa baridi. Mzee Earl alitufundisha kwenye meza ya mbao mwisho wa shamba la binamu yake, taratibu, kama anayewafundisha watoto kufunga kamba za viatu. Kwanza, kaza skrubu zote zinazoishika darubini, kwa sababu darubini inayocheza itakudanganya siku nzima. Kisha, laza bunduki juu ya mifuko ya mchanga, chomoa komeo lake, uchungulie ndani ya mtutu kutoka nyuma mpaka uione karatasi ya shabaha katikati ya tundu. Bila kuitikisa, tazama sasa kwenye darubini, uzungushe mpaka msalaba wake mwembamba uangukie mahali pale pale ambapo mtutu unatazama. Hapo mtutu na darubini wameamkiana, alisema, lakini bado hawajaoana. Kuwaozesha ni kazi ya risasi. Piga tatu bila kugusa kitu. Tafuta katikati ya matundu matatu. Pima katikati hiyo iko mbali kiasi gani na ulipolenga. Juu ya darubini na ubavuni mwake kuna visahani viwili vidogo vyenye mfuo; tia sarafu kwenye mfuo, zungusha, utasikia tik. Kila tik moja inaisogeza risasi robo inchi kwenye yadi mia. Kwenye yadi ishirini na tano inahitaji tik nne kusogea kiasi hicho hicho. Tukaanza na yadi ishirini na tano. Kisha goti likamuuma, akaenda kukaa kwenye gari nyuma yetu, akashusha kioo, akawasha redio.

Tulibaki watatu, na hapo malezi yetu mema yalituangamiza. "Tangulia, JKT," alisema Sharifu. Nami, kwa adabu na kwa hofu, nikasema hapana, tangulia wewe, shangazi ni wako. Sharifu akapiga. Kisha akaipisha meza, kwa sababu nani alale mezani apige tatu peke yake, kama aliyezaliwa pangoni? Mutiso akapiga. Nami nikapiga, macho yote mawili nikiwa nimeyafumba, jambo ambalo darubini huwa haiwaoneshi wengine. Tukaenda kwenye karatasi. Matundu yalikuwa matatu, moja kushoto juu, moja kulia, moja chini kabisa karibu na mguu wa ubao. Mtu mwenye akili angeshtuka. Mimi, nikiwa msomi, nilitoa kalamu. Nikapima, nikajumlisha, nikagawa kwa tatu, nikatangaza kwamba kundi letu liko inchi mbili chini na inchi moja kushoto, tukazungusha sarafu tik thelathini na mbili kwenda juu na kumi na sita kwenda kulia, tukihesabu kwa sauti kama watu wa dhikri. Tukapiga tena kwa zamu. Matundu yakahama kila moja upande wake. Nikapiga hesabu upya. "Takwimu zinasemaje?" aliuliza Mutiso. "Zinakaribia," nilijibu. Kwenye boksi la pili la risasi karatasi ilikuwa imegeuka chujio la nazi na mimi nilikuwa kwenye ukurasa wa tatu wa daftari.

Mzee Earl alikuja akichechemea, akaitazama karatasi, akatutazama sisi. "Hizi kapiga nani?" "Sisi," alisema Sharifu. "Najua ni nyinyi. Hizi tatu kapiga nani?" Tukamweleza utaratibu wetu wa moja moja. Alikaa chini kwenye majani. Nilidhani amepatwa na shtuko la moyo, kumbe ni kicheko kilichokuwa kinatafuta mahali pa kutokea. Alipopata pumzi alitueleza kwamba kila mtu hulaza shavu lake namna yake, huvuta triga namna yake, hutetemeka kwa sababu zake. Hakutuambia mwanzoni kwamba apige mtu mmoja kwa sababu katika maisha yake yote hajawahi kumwona mtu aliyehitaji kuambiwa. "Darubini ni kama mswaki," alisema. Mutiso alinung'unika kwa Kiswahili kwamba mzee kumbe ameona bafu letu. Nami nilitazama ukurasa wa tatu wa daftari langu na kuelewa jambo ambalo profesa wangu alikuwa amelisema kutwa kucha bila kunifikia, kwamba wastani wa watu watatu ni mtu wa nne ambaye hayupo, na mtu huyo ndiye tuliyekuwa tumemsahihishia bunduki.

"Basi apige mmoja," alisema Mzee Earl. Wakanisukuma mezani. Hapakuwa na pa kukimbilia. Nilishika bunduki kama nilivyowaona mashujaa wakiishika, nikasogeza jicho mpaka kope zikagusa kioo, nikasikia Mzee Earl akianza kusema kitu kuhusu vidole vinne kati ya jicho na darubini, nikavuta. Nilipofumbua macho nilikuwa natazama mbingu. Ukingo wa darubini ulikuwa umerudi nyuma pamoja na bunduki na kunigonga muhuri juu ya nyusi. Mutiso alinifuta damu kwa ustadi wa kazi yake, akinibembeleza kwa sauti aliyowazoesha wazee wake: "Pole, mzee, pole, tumekaribia kumaliza." Sharifu aliuliza, si kwa ubaya, "Kwani JKT hamkupigwa hivi?" Nikamjibu kwamba JKT hatukuwa na darubini, na huo ulikuwa ukweli wa kwanza niliousema tangu asubuhi. Tulipofika nyumbani Bi Zuhura aliiinua bandeji, akalitazama jeraha lililopinda, akaiachia. "Mwezi umeandama," alisema. "Na nyama bado."

Chumba changu cha chini kilikuwa na tundu la bomba la hewa ya moto lililotoka moja kwa moja sebuleni, na kwa njia hiyo nilifahamu siasa zote za nyumba. Jioni ile niliwasikia wakinijadili. Sharifu alikuwa akisema afadhali apige Mutiso, ambaye angalau hakutoka damu. "Mutiso Mkristo, na Mkristo mtu wa Kitabu, nyama yake ntakula," alisema Bi Zuhura, "lakini huyu Kitabu chenyewe hajui kakiweka wapi. N'shamuuliza." "Basi nipige mie, Shangazi." "Wewe utalia. Apige huyo wa chini." "Huyo ana jeraha la uso, Shangazi!" "Huyo huyo." "Kwa nini lakini?" Nilisimama juu ya kitanda, sikio kwenye tundu. Bi Zuhura alianza kujibu, na wakati huo huo tanuri la nyumba liliwaka, hewa ikavuma ndani ya bomba kwa kishindo, na jibu lote likaondoka na joto. Nilijua tu kwamba nimechaguliwa. Nikajipa sababu nzuri mwenyewe. Kwa miaka mingi niliamini kwamba aliona kitu ndani yangu.

Kwa wiki tatu sebule yetu iligeuka kambi. Kila siku baada ya chakula Mzee Earl alileta bunduki tupu, akaikagua mbele yetu, akaninyooshea chumba cha risasi nami nikakikagua, kisha tukailaza juu ya gunia la mchele wa basmati kuelekea kwenye ukuta wa matofali wa jikoni. Mzee aliweka sarafu juu ya mtutu. Nilitakiwa nivute triga na sarafu isianguke. Ilianguka. Iliangukia zulia, iliangukia chai, mara moja iliangukia ndani ya kofia ya mzee mwenyewe. Bi Zuhura alikaa kwenye kiti kizuri, zamu au si zamu, akishona. "Unapumua kama mwizi anayekimbizwa," aliniambia. Akaninyooshea sindano na uzi. "Hebu nitungie." Nikashindwa mara tatu. "Vuta. Toa nusu. Kaa hapo kwenye nusu, usiwe na haraka, sindano haina pa kwenda." Uzi ukapita. Tangu siku hiyo nilimtungia sindano kumi kila jioni kabla ya kugusa bunduki, naye alipata kazi ya bure na mimi nikapata pumzi. Siku ya kumi na mbili sarafu ilikaa. Mutiso, akiwa mlangoni akisubiri koti aende kazini, alipiga makofi mpaka Sharifu, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia, akadhani kuna harusi.

Safari ya pili nilipiga peke yangu, na wenzangu walikaa nyuma wakiteseka, kwa maana hakuna kitu kigumu kwao kama kumwacha mtu ale peke yake. Mzee Earl alinipakilia risasi moja moja kwa mkono wake, na bila kuniambia, mara mbili alipakia ganda tupu. Triga ililia tik na bado mtutu ukainama kama mtu anayesujudu, mbele ya mashahidi. "Umeona?" aliuliza. Niliona kwamba nilikuwa naushtukia mlio kabla haujatoka. Nikakumbuka sindano. Nikavuta pumzi, nikatoa nusu, nikakaa hapo. Matundu matatu ya kwanza kwenye yadi ishirini na tano yaligusana. Tukasahihisha, tukahamia yadi mia, tukauacha mtutu upoe kwanza, na pale matundu matatu yalikaa pamoja chini ya kiganja kimoja, inchi tatu chini na mbili kushoto. Sikuhitaji daftari. Tik kumi na mbili juu, tik nane kulia. Nikapiga tatu nyingine, zikaingia katikati ya sahani ya karatasi. Sharifu alikimbia kuifuata na kurudi nayo juu ya kichwa. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne na kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nimesema nitafanya kitu, na kitu kimefanyika.

Siku ya kuwinda, kulungu alitoka kwenye miti jua likiwa limeshapanda, akasimama ubavu akitafuna. Nikasema Bismillahi Allahu Akbar kwa sauti ambayo Mutiso anadai ilisikika Maryland, nikakaa kwenye nusu ya pumzi, nikavuta. Alianguka hapo hapo. Sharifu, ndani ya fulana ya rangi ya chungwa iliyomfanya afanane na watengeneza barabara, alitimua mbio na kisu, akateleza, akainuka, akamuwahi, kisha akasimama akipiga kelele, "Kibla kiko wapi? Jamani, kibla!" Mutiso, asiyejua Kitabu chake kakiweka wapi, ndiye aliyekuwa na dira mfukoni. Tuliporudi, Bi Zuhura alinikabidhi karai la viazi vya mchuzi, nikavimaliza kabla maji hayajachemka. Alikuwa amesimama nyuma yangu, nami sikujua. "JKT walikufundisha vizuri, baba," alisema. Nikajinyoosha kidogo, nikidhani anazungumzia shabaha. Mezani tulimsubiri wanne, Mzee Earl akiwa kwenye kiti kizuri. Bi Zuhura alitafuna muda mrefu. "Ngumu," alisema. Sharifu alifunga macho. "Haina mafuta hata kidogo." Kisha akasukuma sahani yake mbele. "Tia tena."

Alirudi Unguja mwezi uliofuata na ile sahani ya karatasi ikiwa katikati ya kofia zake, na nasikia iliwahi kutundikwa ukutani. Hayo yote nilimweleza Rukia siku ya hitma, nikamalizia kwa ile sababu niliyojitungia, kwamba Bi Zuhura aliona kitu ndani yangu. Sharifu alifuta mikono. "Aliona," alisema. "Hujawahi kujua alichoniambia?" Nikamweleza habari za tanuri. Alicheka kwanza, akaacha, kisha akaiga sauti ya Bi Zuhura vizuri mno mpaka wageni wote wakageuka. "'Huyo mwongo. Hajashika bunduki maishani mwake. Mtu anayemenya viazi namna ile, walimweka jikoni. Sasa Mutiso akikosa atacheka, na wewe ukikosa utalia, lakini huyo akikosa ataumbuka. Mpe yeye. Atafanya mazoezi mpaka vidole viote sugu.' Alijua tangu wiki aliyofika, yakhe. Akaniapisha nisikwambie mpaka azikwe."

Mutiso aliomba uso wangu upigwe picha. Nilikuwa bado naitafuta sentensi ya kujitetea, miaka yote hiyo baadaye, wakati mke wa Sharifu alipotoka jikoni na karai la viazi vya katlesi za wageni wa jioni. Sharifu alilipokea, akalizungusha juu ya zulia, akaliweka mbele ya magoti yangu, kisu juu yake. Rukia alisogea karibu kutazama. Nikakunja mikono ya kanzu, nikachukua cha kwanza, nikavuta pumzi, nikatoa nusu. Ganda lilishuka refu, jembamba, bila kukatika. Na la pili. Na la tatu, la nne, la tano.

Tano kwa tano, Bi Zuhura. Safari hii kuna mashahidi.